Fuvu Langoni kwa Bartholomew

Ukipanda Kalama ukaona boma lenye fuvu na mifupa miwili langoni, usikimbie. Hapo ni kwa Bartholomew Nzau, na fuvu lile halijaua hata kuku. Ni kibao cha bati tu, cheupe, kilichosimama kwa ncha yake kama mlevi anayejaribu kucheza kwa mguu mmoja. Alikuja nacho kutoka Athi River siku aliyofutwa kazi, pamoja na koti la rangi ya chungwa na majivuno ya kujaza behewa zima.

Kazi yenyewe ilikuwa kuosha matangi. Kulikuwa na yadi kando ya reli, na humo malori ya tangi na mabehewa ya tangi yaliletwa yaoshwe tumbo kabla ya kupakiwa tena. Bartholomew alidumu msimu mmoja wa mahindi, kisha bosi akamkuta amelala fofofo ndani ya tangi la mafuta ya kupikia. Alijitetea kwamba mle ndani kulikuwa na joto zuri na harufu ya mandazi. Lakini ungemsikia akisimulia nyumbani, ungedhani hakuna treni iliyothubutu kupiga honi Kenya hii mpaka yeye atikise kichwa.

"Mimi nikiona tangi, hata ikiwa mbali huko Kapiti, najua imebeba nini," aliwaambia watu. "Ile ya tumbo ya yai, hiyo ni petroli ama dizeli. Ile imefura, mbele na nyuma imeviringana kama mkate wa boflo, hiyo ni gesi. Ikikohoa tu, nyinyi wote ni majivu. Na ile nyembamba iko na mbavu nje kama ng'ombe ya kiangazi, hiyo ni asidi. Hiyo usiguse. Hiyo inakula jembe na mpini."

Ubaya ni kwamba yote hayo yalikuwa kweli. Mtu mwongo ungemzoea ukamwacha aseme. Bartholomew alikuwa na ukweli, na aliugawa bila kuombwa: kanisani, dukani, hata matangani. Walipomzika mzee mmoja wa kijiji, alisimama kando ya kaburi akawaeleza wafiwa kwamba jeneza lile, kwa umbo lake, lisingekubaliwa kupanda treni. Mbwa wake alimpa ile namba ya petroli inayoandikwa kwenye matangi, Kumi na Mbili Sifuri Tatu, na mbwa huyo hakuwahi kulishwa kwa wakati, kwa sababu jina lilipomaliza kuitwa alikuwa ameshafika kwa jirani. Kwenye mlango wa jikoni alipigilia kibao chekundu chenye picha ya moto. Mkewe, Munyiva, alimuuliza kama amewahi kuona jiko lisilo na moto.

Basi ukaja ule mwaka wa elfu mbili, mvua ikakataa. Punda walikonda hata ungeweza kuanika nguo kwenye mifupa yao. Visima vilibaki na matope, na chura wa mwisho alionekana kwenye barabara ya lami akielekea Nairobi kutafuta kazi. Na mwaka huohuo ndio watu wa Mitaboni walituma habari kwamba wanaleta ntheo, wale mbuzi wa kumfunga msichana kwenye ndoa. Msichana ni Kanini, binti pekee wa Bartholomew.

Sasa, mkwe mwenyewe, baba wa kijana anayeoa, alikuwa mzee Ndambuki, na Ndambuki alijulikana. Alikuwa ameshavunja uchumba mmoja kwa sababu chai ililetwa ikiwa vuguvugu. Mtu wa aina hiyo utampikia nini kwa matope? Kanini hakulala vizuri wiki nzima.

"Baba, ukikosa maji, hawa watu watarudi na mbuzi wao," alisema.

"Maji itakuja na lori," Bartholomew akamjibu. "Baba yako ni mtu wa matangi."

Alikwenda Machakos mjini kwa Kuria, mfanyabiashara mwenye lori la maji. Kuria alikuna kichwa. Shida, alisema, ni njia. Tangu kiangazi kianze, lori la maji lilikuwa halifiki mahali. Kila njia panda kulikuwa na akina mama wenye mitungi wamelala barabarani, na nyuma yao askari naye ana ndoo yake.

Hapo ndipo Bartholomew alipotabasamu. Alirudi nyumbani, akang'oa fuvu langoni na kile kibao cha moto jikoni, akavipeleka kwa Kuria.

"Funga hii nyuma na ingine ya moto mbele. Hakuna mtu atakusimamisha. Hata wezi watakupa njia."

Na kweli. Siku ya ntheo, lori lilipita barabarani kama harusi ya shetani. Akina mama walivuta mitungi pembeni. Askari alisalimu kwa mbali, akafunga pua. Pale sokoni, kondoo mmoja aliyekuwa amelala njiani kutwa nzima aliinuka mwenyewe.

Nyumbani kwa Bartholomew, wakwe walikuwa wameketi chini ya hema, mzee Ndambuki katikati, mbuzi wamefungwa kwenye mti. Sufuria zilikuwa juu ya mafiga, tupu, zikisubiri. Lori likanguruma, Kuria mwenyewe kwenye usukani, likapinda, likageuza makalio yake mbele ya wageni. Fuvu likawatazama.

Kijiji kizima kilikuwa kimefundishwa fuvu lile kwa miaka. Mwimbaji wa kwaya ndiye aliyeanza kupiga yowe. Hema likaanguka. Bibi mmoja aliyeletwa akikongoja kwa fimbo aliwapita vijana kwenye kona. Ndambuki aliruka ua na koti lake la suti. Mbuzi peke yao walibaki wakitafuna, maana wao hawakuwahi kuhudhuria mafundisho ya Bartholomew.

"Ni maji!" Bartholomew alipiga kelele. "Rudini! Fuvu ni yangu!"

"Ni yako, tunajua," akajibu mtu kutoka kichakani.

Munyiva hakukimbia. Alichukua kikombe cha bati, akampa.

"Kama ni maji, Baba Kanini, kunywa. Wageni wanakuangalia."

Alikuwa tayari kunywa, msidhani hakuwa. Alizunguka nyuma ya lori, akafungua koki kidogo, kikombe kikajaa maji meupe, mazuri. Akakiinua. Na alipoinua kikombe, macho nayo yakapanda kwenye tangi.

Lilikuwa jembamba. Lilikuwa na mbavu nje.

Kikombe kilisimama mbele ya mdomo.

"Kuria. Lori yako ya kila siku iko wapi?"

"Ile iko gereji, mzee. Hii nimekodisha Athi River."

"Wiki ile ingine ilikuwa imebeba nini?"

"Sasa hayo ni maswali gani? Maji ni maji. Tangi imeoshwa."

"Imeoshwa wapi?"

"Pale yadi, kando ya reli. Kuna vijana wanaosha poa sana."

Bartholomew aliijua yadi ile. Alijua jinsi vijana wa pale walivyoosha: mlango wa juu unafunguliwa, ndoo moja inamwagwa ili bosi asikie mlio, halafu mtu anatafuta tangi lenye joto. Kanini alikuwa amesimama mlangoni kwa gauni lake jipya. Nyuma ya ua, vichwa vilikuwa vimeanza kuchungulia, cha Ndambuki kikiwa cha mbele.

"Kunywa, profesa!" akasema mtu, na watu wakacheka.

Akamwaga kikombe chini. Kisha akashika koki kwa mikono miwili akaifungua yote.

Aiya! Kilio kilichotoka pale hakijawahi kusikika hata kwa mazishi ya chifu. Maji, katika mwaka ule, yakimwagika mtaroni! Kuria alimshika kola, Bartholomew akaikumbatia koki kama mtoto anayekataa kwenda shule. Waliburutana hadi lori likawa tupu na koti la rangi ya chungwa likawa na mkono mmoja.

Ndambuki alirudi polepole, akichomoa miiba kwenye koti.

"Wewe mzee. Hii umemwaga ni maji ama ni sumu?"

Bartholomew alifungua mdomo. Wote walingoja mhadhara.

"Sijui," alisema.

Ndambuki alimtazama, akaanza kutetemeka mabega, kisha akacheka hadi akashika mti.

"Nimekuja Kalama mara nyingi," alisema, "na hii ndiyo siku ya kwanza nasikia mtu wa hapa akisema hiyo neno. Msichana tunachukua. Fungueni soda."

Kreti za soda walikuwa wamekuja nazo wenyewe. Nyama ikachemshwa kwa Sprite, muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, ukapikwa kwa Fanta, ukawa na rangi ya koti la Bartholomew. Watu wa Mitaboni waliramba vidole, na mpaka leo wanadhani ndivyo Kalama wanavyopika. Mbuzi wakabaki. Kanini akaolewa.

Na ule mtaro? Nyasi ziliota pale hata kabla ya mvua, kijani, ndefu hadi kiunoni. Munyiva akipita huita kwa sauti:

"Baba Kanini, asidi yako inataka kukatwa!"

"Muulize Kuria hiyo tangi ilikuwa imebeba nini," Bartholomew hujibu, akiwa amekaa langoni chini ya fuvu lake.

Kuria hajawahi kujibu. Ng'ombe wa majirani wote hushiba mtaroni pale. Wa Bartholomew wamefungwa kamba.