Tikiti ya Nairobi

Juzi, kwenye dirisha la tikiti katika stesheni ya Tororo, mbele yangu alisimama mama mmoja wa kijiji cha Paya. Alifungua fundo la leso kwa meno, akatoa nauli.

“Nakwenda Nairobi kuona bwana yangu. Yuko hospitali,” alimwambia karani. Tikiti ilipopigwa muhuri, akanigeukia kwa fahari kidogo. “Miezi sita sijanunua mafuta ya taa. Tunakula kabla ya jua kuzama. Moto naomba kwa jirani, chumvi nachuja kutoka kwenye majivu.”

Gari la moshi kutoka Nairobi likaingia. Mzee wa kijijini kwao akashuka na sanduku la bati, na mama akalitambua mara moja kuwa la mumewe. Mzee alilitua chini, akavua kofia.

“Shemeji, tulimzika Jumapili.”

Mama alirudi dirishani, akaisukuma tikiti kwa kidole kimoja. “Bwana karani, nirudishie pesa yangu.”

Nyuma yangu mtu akaguna, “Mume amekufa, yeye anawaza pesa!”

“Watoto wake watakula nini?” mama akamjibu.

Karani alitikisa kichwa. “Ikishapigwa muhuri hairudi, mama.”

Katika kila baraza la serikali tunahubiriwa tuweke akiba, eti sisi Waafrika ni wabadhirifu. Mama yule aliweka akiba hadi akakaa gizani. Sijui bwana mhubiri angemwambia apunguze nini tena.