Mshale Usimame Kwanza

Juzi nilikuwa kwenye duka la vifaa vya ujenzi huko Mtoni, nikisubiri rangi yangu kwenye foleni, akaingia dada mmoja ameuinua juu mfuko wa misumari kama ushahidi mahakamani.

"Mzee, nilitaka ya inchi nne, umenipa ya tatu! Fundi amekaa tu kule!"

Mwenye duka, mzee wa Kiarabu ambaye mtaa mzima unamjua kwa ukali, aliondoa kila kitu kwenye mizani yake ya mshale, akaweka viganja viwili juu ya kaunta, akautazama mshale ukiyumba. Dada naye akautazama, mpaka uliposimama kwenye sifuri.

"Haya, mama. Sema sasa."

Dada akafungua kikaratasi alichopewa na fundi. Sauti ikashuka. "Kumbe kaandika tatu mwenyewe."

"Lete, nikubadilishie."

Nikamuuliza mzee hiyo mizani ni dawa gani.

"Kila mteja akiingia, sifungui mdomo mpaka mshale usimame. Zamani nilikuwa nagombana mpaka presha inapanda. Huu mwezi wa tatu sijafukuza mtu!" Akajipiga kifua kama aliyefunga bao.

Mie nikakumbuka maneno yangu yote ninayoyajutia. Niliyapima mshale ukiwa bado unayumba.

Dada alifika mlangoni na misumari yake mipya, akasita, akarudi kaunta.

"Mzee, samahani, hebu uchezeshe tena huo mshale. Sasa naenda kwa fundi."

Foleni nzima tukasubiri mshale usimame.