Kuhani Mkuu wa Shianda

Baba yangu alikuwa kuhani mkuu wa Shianda. Kazi yake hasa ilikuwa kulima miwa kama majirani zetu, lakini kila Ijumaa Kuu, kanisa letu lilipoigiza mateso ya Yesu uwanjani, yeye ndiye aliyevaa kanzu ya kwaya, akajifunga ndevu za katani hadi kifuani, akapinda mgongo na kusemea puani huku akisugua viganja. Watu walitoka hata Musanda kuja kumtazama. Walimzomea na kumcheka, na siku ya soko walimwita "Kuhani!" naye akapinda mgongo kidogo kuwafurahisha.

Mimi nilikulia katika umati wa mchezo ule. Tuliambiwa sisi ni Wayahudi, na kazi yetu ni kupiga kelele kwamba asulubishwe. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka. Wayahudi wenyewe nilidhani walikwisha pamoja na Biblia, kama Wafilisti.

Nilipoingia chuo mjini Kakamega kusomea ualimu wa dini, nilichukua kozi ya historia na dini ya Wayahudi, pamoja na Kiebrania cha mwanzo, kwa sababu tu saa zake ziliingiana na ratiba yangu. Mwalimu wetu alikuwa mama wa makamo aliyewahi kusoma Yerusalemu. Siku ya kwanza aliandika mstari mmoja ubaoni kuanzia kulia kwenda kushoto, akapangusa mikono, akasema, "Hawa watu wako hai. Mkisahau mengine yote, msisahau hilo."

Kiebrania hakikunipa raha. Zile nukta ndogo chini ya herufi, ambazo ndizo irabu, nilikuwa naziona hata kwenye mchele. Katika chumba changu kule Amalemba nilikaa na msichana wa Mumias, Mwislamu, aliyesomea uuguzi. Alikuwa amepitia madrasa, na kusoma kuanzia kulia hakukumtisha. Jioni moja alinikuta nimeshika kichwa.

"Haya, nisomee," akasema.

"Nefesh."

"Si nafsi hiyo? Endelea."

"Ruach."

"Roho."

"Sheva. Ni namba."

"Saba! Sasa unalia nini, dada? Nusu yake unaijua tayari."

Nilicheka, lakini kukaa sikuweza. Nilitoka nikazunguka mtaa wote wa Amalemba nikiyatamka maneno yale kwa sauti, na mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi aliniuliza kama niko sawa. Maneno niliyoombea tangu utotoni yalikuwa na ndugu, na hakuna aliyewahi kuniambia.

Muhula wa pili somo letu likafika Ulaya. Mwalimu alieleza kwamba karne nyingi zilizopita, katika miji mingi ya huko, wiki ya Pasaka ilikuwa wiki ya hofu kwa Wayahudi. Wakristo walitoka kusikiliza mahubiri au kutazama maigizo ya mateso, wakaenda moja kwa moja kuvunja milango ya majirani zao. Kwingine Wayahudi walikatazwa kabisa kutoka nje siku hizo. Kisha akaeleza jinsi kuhani alivyoigizwa: mgongo uliopinda, sauti ya puani, viganja vinavyosuguana.

Uso uliniwaka moto. Baada ya somo nilimfuata mwalimu koridoni. "Mtu ambaye hajawahi kumwona Myahudi," nikamwuliza, "hayo mambo anayatoa wapi?"

"Ameyarithi kwa aliyemtangulia," akasema. "Naye aliyarithi kwa mwingine. Ukiwafuata nyumanyuma, huenda ukafika kwa mmisionari." Akanitazama. "Unamfahamu mtu huyo?"

Nikasema hapana, nikaondoka haraka.

Nilienda nyumbani siku chache kabla ya Pasaka. Baba alikuwa ameketi uani, ndevu zake za katani magotini, anazichana kwa kitana cha mama. Nilikuwa nimepanga kungoja mpaka tule. Sikuweza. Nikamwambia yote nikiwa bado nimebeba begi begani.

Mwanzoni alicheka. "Mama," akasema, maana hivyo ndivyo aniitavyo, kwa kuwa nina jina la mama yake, "huo ni mchezo tu. Tunachezanga, watu wanacheka, wanaenda nyumbani."

"Huko pia ulikuwa mchezo, baba."

Kitana kikasimama. "Kwa hivyo miaka hii yote nimekuwa nikiua watu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini basi? Nimeuza miwa usome, uje unihukumu?"

Aliinuka akaenda shambani, na hadi Ijumaa hatukusemezana isipokuwa salamu. Mama alinipa kazi moja baada ya nyingine, kuchota maji, kupepeta maharagwe, kufagia mahali nilipokwisha kufagia, kwa sababu aliona siwezi kutulia.

Siku ya mchezo nilisimama nyuma ya umati. Zamu ya kuhani ilipofika, baba alitoka amevaa koti lake la Jumapili. Hakuwa na ndevu. Mgongo wake ulikuwa wima, na alisema maneno ya kuhani kwa sauti ile ile anayotumia kwenye mkutano wa wakulima, ya mtu mwenye wasiwasi kwamba askari wa Roma watawaangamiza watu wake. Hakuna aliyecheka. Watoto waligeuka wakiulizana Kuhani ameenda wapi, na mzee wa kanisa aliyekuwa mbele yangu akanong'ona, "Leo huyu ameharibu mchezo."

Nilitaka kufurahi. Badala yake nilimtazama baba akimaliza sehemu yake, akisimama pembeni peke yake mikono ikiwa mifukoni, na hakuna mtu aliyemwendea. Wakati wa kurudi nyumbani alitangulia, nami nikashindwa kuamua kama nimfikie au nibaki nyuma.

Tulikula obusuma, ugali wetu, na mboga chungu. Baba akaniuliza bila kuniangalia, "Hao watu. Pasaka yao wanafanyanga nini?"

Nikamweleza. Familia huketi mezani, wakala mkate usiotiwa chachu na majani machungu, mtoto mdogo kuliko wote akauliza kwa nini usiku huu ni tofauti na mingine, na wakubwa wakasimulia jinsi walivyotoka Misri.

"Hata sisi, wazee wetu walisema tulitoka Misri," akasema mama.

"Wazee walisema mengi," baba akajibu, lakini akaongeza mboga, na kabla hatujalala alitaka kujua kama majani yao ni machungu kushinda yetu. Sikujua. Nilimwahidi kumwuliza mwalimu.

Mwaka uliofuata kanisa lilimchagua mtu mwingine, mwenye bucha pale sokoni. Hakuna aliyemwambia baba sababu, naye hakuuliza. Ijumaa Kuu ilipofika alisema goti linamwuma, hataenda. Nilibaki naye. Nilikuwa na mtihani wa Kiebrania wiki iliyofuata, nikafungua kitabu, nikakifunga, nikaenda mlangoni, nikarudi.

Mchana kelele zikaanza kusikika kutoka uwanjani, halafu kicheko kikubwa, kile nilichokijua tangu utotoni. Baba aliinua kichwa akasikiliza kwa makini.

"Wamefika kwa kuhani," akasema.

"Ndiyo, baba."

Akaendelea kusikiliza. "Huyu hana sauti," akasema hatimaye. "Wale wa nyuma hawamsikii kabisa."

Sikujua kama nicheke au nimwombe msamaha. Nikaketi karibu naye, nikainuka, nikaketi tena.