Kamba ya Kitanda Hukazwa

Nakumbuka Jumanne moja, tarehe 14 Mei 1957, nilipopandishwa basi Iringa nirudishwe kwetu Uyole, nikiwa na mtoto mchanga mgongoni na kosa moja shingoni: nilimsalimia mama mkwe wangu nimesimama.

Mwanangu, huenda ukacheka. Katika nyumba ile ya Wahehe, mke wa mwana hupiga magoti, husema "Kamwene," kisha hungoja aitikiwe ndipo ainuke. Nami niliacha kupiga magoti tangu mwezi wa pili, baada ya kumzaa mtoto huyo, aliyekuwa mkubwa na kunitesa siku mbili nzima. Kila nilipoinuka, mkojo ulinitoka. Nilipokohoa, ulinitoka. Nilipojitwika mtungi, vivyo hivyo. Nikajinyima maji ya kunywa, nikajifunga vitambaa, nikanyamaza. Niliona heri niitwe mwenye kiburi kuliko kuitwa kikojozi. Mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimeuficha hata kwa mume wangu, marehemu sasa, aliyekuwa kazini katika mashamba ya chai Mufindi.

Mama mkwe alivumilia miezi mitatu. Niliposimama kama nguzo mbele ya wageni wake wa kanisani, uvumilivu ukamwishia. Alisema kwa sauti ya chini, "Rudi kwenu ukafundishwe. Neema atabaki hapa. Ukija tena, utapiga magoti mlangoni. Usipopiga, usitue mzigo."

Neema alikuwa binti yangu wa kwanza, mwenye miaka mitatu. Alinishika khanga hadi tulipofika barabarani.

Kwetu, msichana aliyerudishwa kwa utovu wa adabu hukabidhiwa shangazi yake. Wangu alikuwa mkunga katika zahanati ya misheni, mwanamke mkali asiyerudia neno. Aliningoja kituoni. Nilipoteremka, vumbi likanipigisha chafya, na khanga ikalowa mbele ya macho yake. Tulipofika nyumbani, akaniketisha juu ya kitanda chake cha kamba, kilichobonyea katikati.

"Kitanda hiki kimelegea. Nikitupe?"

"Hapana, shangazi. Kamba hukazwa."

"Basi wewe umelegea kamba, si adabu."

Nililia, mwanangu, kwa kuwa mtu wa kwanza kuijua siri yangu hakunicheka.

Alinieleza kwamba uzazi hulegeza nyama zinazoshikilia kibofu, na kwamba nyama hufundishika. Nizikaze kama ninayezuia mkojo na upepo wa tumboni kwa pamoja, nihesabu hadi tano, nilegeze, nipumzike, nirudie mara kumi. Hivyo asubuhi, mchana na jioni. Nisibane pumzi wala matako. Nisijaribu nikiwa nakojoa. Ninywe maji kama watu. Na kabla ya kukohoa, kuinuka au kujitwika, nikaze kwanza. "Ukifanya hivyo mbele ya wakwe hawatajua," alisema, "ila usikunje uso kama unayekula ndimu."

Nilikaza nikipukuchua mahindi, nikakaza nikinyonyesha. Wiki ya nne ilipita, khanga bado inalowa. Nikamwambia shangazi kwamba dawa yake ni maneno matupu. Akanijibu kuwa haba na haba hujaza kibaba, akarudi kwa wagonjwa wake. Kisha ukaja ujumbe kutoka Iringa: nisipofika kabla ya mwezi wa tisa, Neema angepelekwa kulelewa kwa wifi yangu. Tangu siku hiyo sikuruka hata zamu moja. Wiki ya tisa nilipiga chafya, nikabaki mkavu. Nilirudia kujikagua, sikuamini.

Tarehe hizi sizibuni. Shangazi aliziandika katika daftari lake, nami nilipojifunza kusoma nikiwa mama wa watoto watano, nililiomba nizisome mwenyewe.

Jumanne, tarehe 20 Agosti, nilisimama mlangoni kwa mama mkwe. Nikapiga magoti, mtoto mgongoni, mzigo kichwani. "Kamwene, mama."

Hakuitikia. Alinitazama, akachochea moto. Moshi ukanijia kooni, kikohozi kikapanda. Neema alichungulia nyuma ya mlango. Nikakaza kwanza, ndipo nikakohoa, mara moja, mara mbili. Nikabaki mkavu.

"Kamwene," akasema hatimaye.

Nikainuka. Kisha, badala ya kutua mzigo, nikamweleza yote niliyoyaficha. Aligeuka kuhakikisha hakuna mwanamume karibu.

"Ungesema, mwali wangu. Mimi niliacha kucheza ngoma tangu nimzae mumeo. Watu wanadhani ni wokovu." Akaupokea mzigo wangu kwa mikono yake mwenyewe. "Ingia. Nionyeshe namna ya kuikaza hiyo kamba."

Mwanangu, kiburi changu kilikaribia kunipokonya mtoto kwa jambo lililohitaji sentensi moja. Mkojo ukikutoka unapocheka au kukohoa, usiite laana, usijinyime maji, usijifungie ndani. Mwambie mkunga au muuguzi akupime na akuelekeze. Kisha ukaze kila siku, kwa miezi na si kwa siku mbili, hata unapoona hakuna kinachobadilika. Na ukimwona mke wa mwanao amesimama pasipostahili, muulize faraghani kabla ya kumhukumu hadharani.

Mungu akupe uzao usiokuvunja, mtu wa kumwambia ukweli, na kicheko ambacho hutakiogopa.