Kerry Stothard na wimbo asioweza kuufuta

Saa kumi na mbili asubuhi, Grimsby, mji wa bandari mashariki mwa Uingereza. Kerry Stothard amesimama kiwandani kwenye mkanda wa samaki, wavu wa nywele kichwani, glavu mbili mbili mikononi. Minofu inapita mbele yake bila kukoma. Kazi yake ni kung'oa miiba iliyoponyoka mashine.

Ng'ambo ya mkanda, Bev Tasker, rafiki yake wa miaka tisa, anavumisha kiitikio bila kujijua. Anagutuka.

"Nisamehe, shosti. Kimenitoka tu."

"Imba, Bev. Nani asiyeuimba?"

Bev anainamia samaki wake.

Kiitikio hicho ni cha Kerry mwenyewe. Ana miaka 36, na jukwaani anaitwa Stoth. Huimba kwa sauti nzito, kisha huchana mistari kwa lafudhi ya mtaani kwao, ambayo hajawahi kuilainisha ili kumfurahisha mtu wa London.

Miaka minne iliyopita alijifungia chumbani, akatundika blanketi dirishani kuzuia kelele za magari, akarekodi wimbo kuhusu kaka yake, Dean, aliyekuwa teja wa dawa za kulevya. Katika miezi mitatu ulisikilizwa mara milioni mbili. Alialikwa Leeds, Glasgow, hadi London. Kiwandani hakuacha. "Kiwanda kinalipa kila Ijumaa," anasema. "Muziki hulipa ukijisikia."

Mistari miwili ndiyo iliyoubeba wimbo:

*Kauza pete ya mama Jumatatu,*
*Jumanne kaja kuomba viatu.*

"Watu walicheka, na nilitaka wacheke," anasema Kerry. "Nilikuwa na hasira naye. Nilidhani nikishasema ukweli, nitautua mzigo."

Mzigo ukamwangukia Dean. Akienda kununua chipsi, foleni nzima ilimwimbia. Akiingia baa, mwenye baa aliuweka wimbo kwa makusudi. Adhuhuri moja ya mvua akabisha hodi kwa dada yake.

"Umenigeuza wimbo, Kez."

"Sikukutaja jina."

"Una kaka wangapi?"

Kerry alipandwa na jazba. "Basi sema nimedanganya. Sema pete hukuuza."

Dean alimtazama, akafunga zipu ya koti lake. "Niliuza," akasema, akaondoka.

Hawakuonana tena. Machi mwaka huu Dean alikutwa amekufa katika chumba alichopanga. Alikuwa na miaka 41.

Siku ya mazishi, wageni walipokwisha kuondoka, mama yao, Maureen, alikuwa jikoni akikausha vikombe. Alisema bila kugeuka.

"Pete nilimpa mimi."

Ilikuwa Januari, kabla ya wimbo, gesi ya kupasha nyumba joto imekatwa kwa deni, na Maureen aliona haya kuonekana akiuza pete aliyovishwa na marehemu mumewe. Akamtuma Dean, akamwapisha asimwambie Kerry. Dean alikwenda kwa sonara na kurudi kwa miguu, theluji hadi vifundoni. Hela alizileta zote. Kesho yake viatu vyake vilikuwa vimebanduka soli. Ndipo akaja kuuliza kama kuna jozi ya zamani ya baba.

"Mama, miaka minne," Kerry alimwambia. "Kwa nini hukusema?"

"Wimbo ulikuwa unakwenda vizuri, mwanangu. Na aibu nayo."

Kerry aliuondoa wimbo mtandaoni wiki hiyo hiyo. Ulikuwa umeshanakiliwa, umesambaa, kila simu ilikuwa nao. Juni, jukwaani Leeds, aliimba nyimbo nyingine tano. Kisha ukumbi ukaanza wenyewe, watu mia tatu kwa sauti moja, pete, Jumatatu, viatu. Alibaki ameshika kipaza sauti, amefumba midomo, machozi yanamtoka. Wakadhani ameguswa na mapenzi yao. Wakapiga makofi.

"Walinishangilia kwa kumzika kaka yangu mara ya pili," anasema. "Na jembe niliwapa mimi."

Tangu siku hiyo hajapanda jukwaani.

Wakati wa mapumziko ya chai huandika ndani ya gari la Bev. Anatunga wimbo mpya: Dean kwenye theluji, Dean aliyeapa na kiapo chake akakitunza hadi kaburini. Mistari imetimia, mdundo upo. Jumapili iliyopita alimsomea mama yake mezani, juu ya sahani za nyama ya kuoka.

Maureen alisikiliza hadi mwisho. "Ni mzuri," akasema. "Mzuri sana. Ila mimi usinitie humo, Kerry. Mtaa huu ndio nitakaofia."

"Bila wewe, mama, Dean atabaki mwizi."

"Najua, mwanangu."

Wakamaliza kula.

Kerry hataki kumfanyia mama yake alichomfanyia Dean. Wimbo ataurekodi, anasema, siku Maureen hatakuwepo kuusikia. Maureen ana miaka 71, na kifua chake si kizuri.

"Namwombea afike mia," anasema Kerry, akivaa glavu. Kengele imelia, mkanda unaanza kutembea. "Nitasubiri."