Senene Waliomwasha Baba

Kila mvua za Novemba zinapoanza, harufu ya senene hunipokea kabla sijafika sokoni Kamwokya: kitunguu, chumvi, na mafuta yanayotoka kwa panzi wale wenyewe, maana senene hangoji mafuta ya mtu. Watu hununua wakatafuna wakitembea. Mimi hushika pua, nikapita. Si kwamba siwapendi. Niliwapenda mno.

Mama alikuja Kampala kutoka Kakamega, akauza mitumba. Kwao walikula kumbikumbi, kwa hiyo senene hawakumtisha. Nyama kwetu ilikuwa ya Krismasi. Msimu wa senene ndipo tuliposhiba. Tulikaa mlangoni tukiwanyofoa mbawa na miguu, vidole vikinata, yeye akiimba.

Baba, aliyelala kwetu siku mbili tatu za wiki, hakula hata mmoja.

"Wananiwasha," alisema, akijikuna shingo kabla hata sufuria haijafunuliwa.

"Mganda gani wewe, unashindwa na panzi!" Mama alimcheka, akampakulia maharage.

Nilipokuwa na miaka tisa, baba alifariki. Ndugu zake hawakutuita mazishini. Kisha Senga, dada yake, akatuma neno kwamba Jumapili anakuja kuniona. Akiridhika, angenipeleka kwa wazee wa ukoo nipewe jina lao. Mama alipiga deki mara mbili. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, akaenda kuchagua senene wanono kuliko wote, akawakaanga mpaka wakalia sufuriani kama changarawe.

Senga aliketi mkekani, vazi lake la gomesi la zambarau likajaza chumba. Nilimpigia magoti na sahani, kama nilivyofundishwa. Na kwa kuwa nilitaka aone kwamba mimi ni Mganda kamili, nikatia mmoja mdomoni, nikamtafuna kwa sauti.

Alirudi nyuma kama aliyeona nyoka.

"Mtoto ya kaka yangu nakula ndugu yake?"

"Ni senene tu, Senga," mama alisema.

"Tu? Sisi ni ukoo ya Nsenene! Hiyo ndiyo mwiko yetu, hatugusi! Yeye hakuambia wewe?" Mama alitikisa kichwa. Senga akainuka, akakaza mkanda wa gomesi. "Mwanaume naambia mwiko yake kwa mama ya watoto yake. Kama hakuambia, basi alijua sababu."

Hakurudi tena. Mama hakunigombeza. Aliketi pale mkekani akala sahani nzima, mmoja mmoja, bila kuimba.

Kwa miaka mingi niliamini ni yule senene mmoja aliyenipotezea ukoo. Nimekuwa mtu mzima ndipo nikaikumbuka ile shingo iliyokunwa kabla sufuria haijafunuliwa. Hakuna kilichomwasha baba. Alikuwa akishika mwiko wake ndani ya nyumba yetu, msimu baada ya msimu, nami nikitafuna mbele ya macho yake. Neno moja tu, "Usile, mwanangu," na ningejua mimi ni wa nani.