Ndege Aliyetazama Chini

Mwenye hoteli mmoja wa Mikumi alirudi kutoka Malesia na wazimu mpya: alitaka meza ya kupangia chakula cha wageni iwe na umbo la mashua, yenye nakshi kama alizoziona kwa wavuvi wa kule. Akanionyesha picha kwenye simu. Mashua zimejaa maua ya rangi, na pale mlingoti unapolazwa pana nguzo fupi iliyochongwa ndege. Mimi bahari siijui, nimekulia Kilosa nikichonga vitanda na milango. Nikasema naweza. Fundi gani anakataa kazi?

Maua hayakunisumbua. Ndege nikamchonga yangeyange, yule mweupe anayefuata ng'ombe malishoni, maana ndiye ninayemwona kila siku.

Wakati huohuo nilikuwa nimepeleka posa Zombo, kwa wafugaji waliohamia kutoka Kanda ya Ziwa. Binti alikwisha kunikubali, nami nilimpenda mpaka chakula hakipiti. Baba yake alikuwa hajajibu. Kwake mwanaume hupimwa kwa ng'ombe. Kuchonga maua ni mchezo wa watoto.

Siku mwenye hoteli alipokuja kukagua, mzee yule naye akashuka kwenye bodaboda, bila hodi. Alikuja kuona mkate wangu unatoka wapi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye mashua.

Ndege nilikuwa sijampachika bado. Mwenye hoteli akamwinua, akaanza kulalama. "Fundi, mbona anatazama chini? Wa mashua anatazama mbele, anaongoza njia! Huyu kama anatafuta funguo."

Nikatamani ardhi inimeze. Leo, mbele ya mzee huyu! Posa yangu niliiona ikienda na maji.

Mzee akampokea ndege, akampapasa shingo. "Anasubiri ng'ombe amkurupushie panzi," akasema. "Akitazama mbele atashinda njaa." Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. Mwenye hoteli akacheka naye, ila akaomba nimchongee mwingine wa kutazama mbele. Haki yake, mashua ni yake.

Mzee hakuniuliza. Alimfunga ndege wangu nyuma ya bodaboda kwa mpira, akasema anampeleka kwenye lango la zizi. Dereva alipowasha, akanigeukia.

"Lango lina nguzo mbili, mkwe wangu. Wa pili utakuja kumsimamisha mwenyewe."